Masharti Yote Yametimia

9 Januari

Kwa mpwa wangu Bi Kwanini,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na kama si goti la mama yako ningesema nyumba nzima ni wazima. Goti lile limeanza tena ubishi wake. Kapakwa dawa, kaambiwa asipande ngazi, na juzi nimemkuta juu ya ngazi anaziba paa. Nilipomgombeza akasema paa halivuji kwenye goti. Huyo ndiye dada yangu, sina mwingine.

Naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Darasa la tatu lilinitosha. Sipigi simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, kwenye karatasi huwezi.

Sasa neno lenyewe. Wamenitoa kazini. Mimi, Koki, niliyewafungulia maji watu wa mji huu tangu mama yako ana meno yote. Wewe unajua kazi ile. Mitaa minne, koki nne, pampu moja dhaifu isiyoweza kulisha mitaa miwili kwa pamoja. Ukifungua mbili hakuna anayepata, na bomba la zamani linapasuka. Mimi ndiye niliyejua nani afunguliwe lini. Nilikuwa nasimama juu ya bomba na kujua kwa kisigino kama maji yamefika au yako njiani. Aje mwingine mwenye kisigino hicho, nimpigie magoti.

Meneja, yule tunayemwita Bwana Tai kwa sababu hata jua likiwaka havui tai shingoni, alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Mzee, inakuja mashine. Haiumwi mgongo na haina maneno mengi." Wakacheka. Waliocheka nawajua kila mmoja kwa meno yake.

Halafu akataja kampuni inayoileta hiyo mashine. Nikasikia jina la mahali unapofanya kazi wewe. Niambie nilisikia vibaya.

Mjomba wako,
Koki, na bado ndiye Koki


2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata ule mstari uliopanda kama unaparamia ukuta. Mwambie Mama nimepata dawa nyingine ya goti na nitaituma na mtu. Mimi sijambo. Chumba changu kipya kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ukuta ni mzuri.

Hukusikia vibaya. Sikujua ni mji wetu mpaka nilipoona majina ya mitaa kwenye karatasi. Ngoja nikueleze kabla hujakasirika zaidi.

Hapa hakuna mtu anayekaa akaandika programu ya kuendesha koki zako. Tunaandika masharti tu, kwa lugha kavu isiyo na utani: hiki kisitokee kamwe, hiki lazima kitokee. Kisha mashine inajitungia yenyewe mfumo unaotimiza kila sharti, na inatoa uthibitisho kwamba hauwezi kulivunja hata moja. Haikosei, Mjomba. Kazi yangu inaanzia hapo. Mifumo inayotimiza masharti si mmoja, ni mingi kama mchanga, na mingine ni ya ajabu. Bwana Tai alituletea masharti mawili: koki mbili zisifunguliwe pamoja, na kila mtaa upate maji. Mashine ikatunga mfumo unaofungulia kila mtaa kwa muda wa kupiga chafya. Sharti limetimia, ndoo haijalowa. Tukaongeza kwamba anayefunguliwa ajaze. Ikatunga mwingine unaofungua na kufunga koki bila kupumzika mpaka vyuma viishe. Nao ni sahihi. Mimi ndiye wa kupima, kati ya yote iliyo sahihi, upi ni bora na kwa kiasi gani. Natoa alama.

Ili nipime vizuri nahitaji masharti ya mtu anayeijua kazi. Bwana Tai anasema hana muda. Nakuomba wewe. Najua ni kama kumwomba aliyenyolewa anoe wembe.

Mpwa wako


11 Machi

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu, dawa imefika, kaipaka kwenye goti lisilouma ili aone kwanza kama inaunguza.

Barua yako niliiweka chini ya godoro nikailalia muda mrefu. Siku ya kwanza nilisema sitajibu mpaka nife. Halafu nikafikiri, nikacheka peke yangu mpaka mama yako akaja kuuliza kama nimepata homa. Bwana Tai kanifukuza, halafu masharti ya mashine yake yatoke kinywani mwangu. Atakuwa anaendeshwa na Koki bila kujua. Kalamu na ije.

Andika. Koki mbili zisifunguliwe pamoja, hilo hata yeye alilijua. Koki ikifunguliwa isifungwe mpaka ndoo zijae, na ikifungwa isirudiwe hapo hapo, maana chuma nacho kina umri. Bomba la Mtaa wa Juu lijazwe taratibu, lina hewa, ukiliharakisha linapiga kelele kama mbuzi. Mtaa wa Juu, Mtaa wa Soko na Mtaa wa Shule, ambao ni kwetu, wapate kabla ya adhuhuri. Mtaa wa Nyuma upate mwishowe. Neno ni hilo, mwishowe. Usilitafutie saa.

Na jambo moja. Unasema unatoa alama. Nipime na mimi. Chukua nilivyokuwa nafanya kazi, wewe ulikuwa unanifuata tangu unatambaa na unaijua, uniweke kwenye mizani pamoja na hizo mashine zako. Nataka kuona zikiaibika.

Mjomba wako, Koki


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa, unisamehe. Nilikuwa nakupima.

Natumaini Mama hajambo na paa limetulia. Hapa kumekuwa na baridi, ofisini tunakaa na makoti kama abiria.

Alama zako ni hizi. Katika kutunza koki umeishinda mifumo yote niliyoipanga mezani. Katika kujaza bomba la Mtaa wa Juu umeishinda pia, na wenzangu waliuliza huyu ni nani. Niliwaambia ni mjomba wangu na nikavimba kidogo. Lakini kuna kipimo kimoja tunakiita subira ndefu: katika mji mzima, anayesubiri kuliko wote anasubiri kiasi gani. Hapo wewe ni wa mwisho. Hata ule mfumo wa chafya umekupita. Ni kwa sababu ya Mtaa wa Nyuma. Wengine wote wanapata asubuhi, wao jua linapozama, na bomba lao ndilo fupi na rahisi kuliko yote. Sikuulizi sababu.

Nakuambia tu jambo ambalo huenda hukulifikiria. Wewe ulikuwa unasema mwishowe, kisha jua likizama unafungua uende nyumbani ukale. Mashine haiendi nyumbani. Ikiambiwa mwishowe, inaweza kukawia leo, na kesho, na keshokutwa, mradi siku moja ifungue. Kila siku inayokawia, bado iko sahihi. Bwana Tai ameniuliza swali moja tu, kama masharti yote yanatimia. Yanatimia.

Sijautuma mfumo wenyewe bado. Nangoja neno lako.

Mpwa wako


4 Juni

Mpwa wangu,

Hatujambo. Mama yako hajui naandika nini na wewe usimwambie.

Kwanza, hicho kipimo cha subira ndefu kitakuwa kimebuniwa na mtu asiyejua kungoja. Tuache hilo.

Pili, umeandika kwamba huniulizi. Kutouliza kwako kunauliza kuliko kuuliza. Haya. Mtaa wa Nyuma, nyumba ya bati la kijani, anakaa baba yako. Tulikuambia alikwenda mbali. Hakwenda mbali, alivuka reli tu. Alimwacha dada yangu na wewe mgongoni, na siku ya kuondoka akang'oa mlango wa nyumba akaubeba, kwa sababu yeye ndiye aliyeununua. Mama yako alilala na wewe nyuma ya gunia mpaka nilipopata mbao.

Sikwenda kumpiga. Kumpiga mtu kunaisha siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na spana. Mtu anahitaji maji kila siku, basi nikalipiza kila siku, mvua na jua, hata siku niliyomzika mke wangu nilipita kwanza kwenye koki. Nani mwingine umesikia amelipiza hivyo bila kukosa? Wenye nguvu wanachoka, wenye hasira wanasahau. Mimi sikuchoka wala sikusahau.

Waliponifukuza, kilichoniuma si kazi. Nilimfikiria yule bwana akinawa uso asubuhi kwa maji ya bomba. Kwa hiyo neno mwishowe liache lilivyo. Mashine haiumwi mgongo, Bwana Tai kasema mwenyewe. Basi na inipokee.

Usiniulize habari za majirani zake. Wahame.

Koki


18 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nilijua. Mama huongea akiwa na homa. Mlango nao naujua, najua hata rangi yake. Nilitaka tu uandike wewe kwa mkono wako, ili nisiwe peke yangu.

Nimeutuma leo. Palipo na nafasi ya kuandika subira ndefu, Bwana Tai hakuuliza, nami nikaacha wazi. Masharti yote yametimia.

Nisalimie Mama.

Mpwa wako


2 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako hajambo na mimi nataka kusema sijambo lakini ningekuwa mwongo.

Mashine ilianza. Bwana Tai alikusanya watu akabonyeza kidude, akapigiwa makofi kwa kubonyeza. Asubuhi hiyo Mtaa wa Juu maji, Soko maji, kwetu maji, na bomba la Juu halikulia hata kidogo, masharti yangu hayo. Mtaa wa Nyuma, kimya. Kesho yake kimya. Na iliyofuata. Nikilala nacheka, nikiamka nacheka.

Nikasema kitu kama hiki si cha kusimuliwa. Nikavaa shati langu zuri nikavuka reli, mara ya kwanza tangu alipoondoka na mlango. Nilitaka kumwona midomo imepasuka.

Nyumba ya bati la kijani niliitambua kwa foleni yake. Ndoo zimepangwa mpaka barabarani. Nyuma ya nyumba kuna tangi, mwanangu, tangi ukubwa wa chumba, limekaa juu ya nguzo za saruji, na bomba lake lina kufuli. Pembeni mikokoteni miwili imejaa madumu. Na yule bwana kakaa kwenye kiti, tumbo mbele, ufunguo shingoni. Hata sura haikuchakaa.

"Shemeji," akaniita kabla sijafungua kinywa. "Karibu. Umekuja kuona ulichojenga?" Akalipiga tangi kwa kiganja, likajibu kwa sauti ya kitu kilichoshiba.

Akanisimulia mbele ya wateja wake, bila haraka. Kwamba mwaka wa kwanza alinunua pipa moja, akawa analijaza maji yakitoka jioni, na mpaka adhuhuri ya kesho yake watu walioishiwa wamekwisha kulimaliza kwa kununua. Pipa likazaa mapipa, mapipa yakazaa tangi. Tangu mashine ije, mikokoteni inakwenda mpaka mtoni kuteka na bado haitoshi. "Ungenifungulia asubuhi kama wenzangu," akasema, "mpaka leo ningekuwa nasukuma toroli la mtu. Asante, shemeji. Na hiyo mashine, Mungu aiongezee umri."

Kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni, mtoto mgongoni. Akauliza kama mimi ndiye yule mzee wa koki. Wakamwambia ndiye. Alichukua ndoo yake akaihamisha upande wa pili, mbali na kivuli changu.

Nimerudi nyumbani nimekaa. Sharti langu lilikuwa moja, awe wa mwisho. Lilitimia tangu siku ya kwanza, hakuna wa kuniambia nilikosea. Kisasi changu kilikuwa sahihi, lakini kibovu. Sasa nakuelewa unafanya kazi gani.

Kwa hiyo badilisha. Mtaa wa Nyuma uwe wa kwanza, alfajiri, maji mpaka yamwagike. Nataka tangi lile liote kutu mbele ya macho yake. Atakayekuwa wa mwisho shauri yake. Na usiseme nimemsamehe. Nitakayemsamehe hajazaliwa.

Koki


25 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi, hasa pale pa pipa.

Nimefanya ulivyosema. Bwana Tai ameupokea mfumo mpya bila maneno, maana watu wa Mtaa wa Nyuma wameanza kukaa kwenye ngazi za ofisi yake. Ameuliza kama masharti yote yanatimia. Safari hii nimeandika subira ndefu chini ya karatasi, kwa wino, ingawa hakuna aliyeitaka. Haikupungua, Mjomba. Imehama tu. Na aliyepewa kuwa wa mwisho, ambaye ulisema shauri yake, ni Mtaa wa Shule. Ni nyinyi.

Ningekuonya kwanza, lakini najua ungesema potelea mbali.

Mpwa wako


30 Oktoba

Mpwa wangu,

Ningesema hivyo kweli. Na nilisema, siku za mwanzo, nikiwa na ndoo tupu na moyo mweupe. Mama yako alipouliza maji yamekwenda wapi nikamwambia vumilia, mji unatengenezwa.

Jumamosi nikasikia kengele barabarani. Mkokoteni umeingia mtaani kwetu, madumu juu, na nyuma yake anasukuma yule bwana mwenyewe. Mtaani kwake hakuna tena anayenunua, kwa hiyo kaifuata kiu kwa magurudumu mpaka ilikohamia. Majirani wakamzunguka kama kuku na pumba. Nikamwambia mama yako akae ndani. Unajua anavyokaa ndani. Akachukua ndoo akatoka na goti lake.

Wakatazamana. Majirani wakarudi nyuma hatua, hata waliokuwa hawajui sababu. Yule bwana akachukua ndoo ya mama yako, akaijaza mpaka juu, akasema polepole, "Kwako ni bure."

Mama yako akaiinamisha ile ndoo, maji yote yakamwagika viatuni mwa yule bwana. Akaiweka tena chini ya dumu. "Jaza," akasema. "Nauziwa kama wenzangu."

Akalipa, akasubiri chenji yake yote, akageuka. Alipofika kwangu hakupunguza mwendo. "Koki, umefanya nini?"

Mimi ambaye hakuna mtu amewahi kuninyamazisha nikasema ni mashine.

"Mashine haina shemeji," akasema, akaingia ndani. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani na haketi.

Nimeshindwa na mkokoteni, mwanangu. Nikimfungia anauza kwake, nikimfungulia anauza kwangu. Popote nitakapomweka mtu wa mwisho, yule bwana atakuwa amesimama mlangoni kwake na kengele. Kwa hiyo nauliza. Kile kipimo chako nilichokitukana, kinasemaje? Iandike tarehe hii uitunze, siku Koki aliyouliza.

Koki


14 Novemba

Mjomba, shikamoo. Mwambie Mama nimesikia habari za ndoo na nimesimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Kipimo kinasema hivi. Yule bwana hauzi maji. Maji ni ya bomba, hata yake. Anauza kusubiri. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpiga kwa kumsogeza mbele wala nyuma. Unamnyang'anya bidhaa.

Nimeacha kuiambia mashine nani awe wa kwanza. Nimeiambia: katika mifumo yote iliyo sahihi, nitafutie ule ambao anayesubiri kuliko wote katika mji mzima anasubiri kidogo iwezekanavyo. Imekesha ikitafuta, ikaleta mmoja. Kila mtaa unapata zamu mbili, asubuhi na alasiri, za kutosha kujaza, na zamu zinapokezana ili asiwepo wa kubaki mkiani siku zote. Koki zitachakaa mapema kidogo kuliko mikononi mwako. Nimeupunguzia alama kwa hilo, kwa heshima yako. Katika subira ndefu sijawahi kutoa alama kama hii.

Si huruma, Mjomba. Nimeupima kwa hasira yangu yote, na ya Mama juu yake.

Lakini hauwezi kuanza neno mwishowe likiwa bado kwenye masharti, hata kama sasa limehamia Mtaa wa Shule. Liliandikwa kwa kinywa chako. Sitalifuta bila wewe.

Mpwa wako


19 Januari

Mpwa wangu,

Salamu za mwaka. Mama yako hajambo, na jana alikaa mezani. Kazungumza habari za kitunguu tu, lakini kakaa.

Ile karatasi niliyokutumia yenye neno moja lililokatwa, najua uliipata, kwa sababu maji nayaona. Asubuhi yanakuja, alasiri yanakuja, kila mtaa. Watu wameacha hata kuyazungumza. Bwana Tai anajisifu kila anapopita, na mimi namwacha, zamu yake itafika.

Mikokoteni ya yule bwana imekaa juu ya matofali, haina magurudumu, kayauza. Tangi limejaa mpaka mdomoni na kufuli lipo, halina wa kulifungua. Ndoo za majirani zinapita mbele ya kiti chake zikitoka bombani, na mama yule wa mtoto hupita pole pole kuliko wote.

Mimi navuka reli kila asubuhi, zamu yao ikishaanza. Siku ya kwanza hakunitazama. Alikuwa anatazama bomba la jirani.

"Shemeji," akasema, "yametoka na leo?"

"Yametoka."

"Na kesho?"

"Na kesho."

Kiti hakunipa na mimi sikukitaka, nina miguu. Nikasimama pale mpaka ndoo ya mwisho ikajaa, nikaaga. Kila siku ananiuliza vile vile, kama mtu anayetumaini mgonjwa wake amebadilika, na kila siku namjibu vile vile, taratibu, ili asikie vizuri.

Mama yako ananiuliza kila asubuhi nakwenda wapi. Namwambia nakwenda kazini.

Mjomba wako,
Koki